Kuguswa Mara ya Pili

Somo: Marko 8:22–26



Padre ameniomba niandike neno juu ya wenzetu waliopatwa na kiharusi, kwa kuwa katika parishi yetu wanazidi kuongezeka, na kwa kuwa anajua ya kwamba mmoja wao anakaa nyumbani mwangu. Mimi si mhubiri. Tangu nilipotoka chuo cha ualimu mpaka siku ya kustaafu nimefundisha zaidi madarasa ya chini, yaani la kwanza na la pili, na kama mtasikia sauti ya chaki katika maneno haya, mnisamehe.

Fungueni Marko mlango wa nane. Bwana wetu amefika Bethsaida. Watu wanamletea kipofu na kumsihi amguse. Tungetazamia amguse pale pale, mtu aone, na watu washangilie. Sivyo ilivyokuwa. Yesu anamshika mkono yule mtu na kumwongoza mpaka nje ya kijiji. Anamtia mate machoni, anaweka mikono juu yake, kisha anamwuliza kama anaona kitu. Naye anajibu bila kuficha: anaona watu, lakini anawaona kama miti, ila miti hii inatembea. Basi Yesu anaweka mikono mara ya pili, na hapo ndipo macho yanaona sawasawa.

Habari hii imeandikwa na Marko peke yake. Mathayo hakuiandika, wala Luka, wala Yohana. Nilipokuwa kijana nilikipita kifungu hiki upesi, kama mtu apitavyo karibu na nyumba yenye ugomvi. Nilikionea haya kidogo. Mbona Bwana aguse mara mbili? Je, mara ya kwanza nguvu hazikutosha? Leo, katika uzee wangu, nakipenda kuliko miujiza mingine yote, na nitawaeleza sababu.

Miaka minne iliyopita, siku ya Jumanne asubuhi, Mama watoto alikuwa anafagia uwanja wetu hapa Mbagala. Mimi nilikuwa barazani na redio. Nikasikia ufagio umeanguka. Nikamwona ameinama kuuokota kwa mkono wa kulia, lakini vidole havishiki. Akanigeukia aniambie neno, mdomo ukaenda upande, na badala ya neno ikatoka sauti tu. Kisha mguu ukamwacha, akakaa mchangani. Hakulia. Alinitazama kama anavyotazama mtoto wa darasa la kwanza aliyeulizwa swali ambalo jana alilijua.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sikumweleza mtu yeyote isipokuwa Padre. Majirani walikusanyika, na kabla hata ya kumpangusa mchanga wakasema amepigwa na jini, amekanyaga kitu, tena kiharusi hakipelekwi hospitali kwa kuwa sindano itamwua. Ndugu zake wakaunga mkono. Mimi, mwalimu, mtu wa Komunyo kila Jumapili, nilikubali. Tulimpeleka kwa mtu mmoja wa dawa za kienyeji, akachanjwa na kufukizwa. Halafu tukampeleka mahali fulani pa maombi, ambapo walipiga kelele juu ya kichwa chake usiku kucha na kumwamuru asimame. Hakusimama. Siku ya nane mwanangu wa kiume alifika kutoka safarini, akamwona mama yake ana kidonda mgongoni kwa kulala upande mmoja, naye hakuniuliza ruhusa. Aliita bajaji.

Siku nane. Nimezihesabu mara nyingi.

Hospitalini tuliambiwa jambo ambalo ningeweza kuwafundisha watoto wa darasa la tatu. Ubongo hulishwa na damu kwa mishipa. Mshipa mmoja ukizibwa na donge la damu, au ukipasuka, sehemu ile inayolishwa nao hukosa chakula na kufa. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi ndio pia unaoshika lugha. Ndiyo maana mkono wa kulia, mguu wa kulia na usemi viliondoka pamoja asubuhi ile. Na kilichoharibu mshipa, kwa sehemu kubwa, ni presha iliyopanda miaka mingi bila kelele. Dawa za presha alikuwa nazo kabatini. Aliziacha kwa kuwa alijisikia mzima. Wapendwa, mtu wa presha hujisikia mzima. Hapo ndipo hatari yake ilipo, na dawa zile si za kumeza siku chache tu kama za malaria.

Wala tusidhani ujinga huu ni wa watu wa mashambani. Wataalamu walifuatilia wagonjwa wapya wa kiharusi tangu Juni 2003 mpaka Juni 2006 katika Wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro, na katika sehemu ya jiji letu la Dar es Salaam. Taarifa yao ilitoka mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri waliona kwamba Hai walipatwa watu wapatao 109 katika kila watu 100,000 kwa mwaka, na hapa jijini wapatao 316, yaani karibu mara tatu. Tena taarifa nyingine ya mwaka 2008 ilisema jambo la kututia aibu. Watu wa Hai walipoulizwa kiharusi chatoka wapi, wengi walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo mengi, nao walikimbilia hospitali kwanza. Watu wa Dar es Salaam wengi walitaja majini na uchawi, nao walikimbilia kwa waganga. Sisi tunaopanda daladala na kusoma magazeti ndio tulioogopa hospitali. Niliposoma hayo nilijua wameandika habari zangu.

Sisemi kwamba hakuna roho chafu. Nimesoma Injili kama ninyi. Lakini Bwana alipomwona kipofu wa Bethsaida hakukemea pepo, alijua tofauti. Na sisi yatupasa tuijue: uso ukienda upande, mkono ukidondoka, usemi ukipotea ghafla, ni hospitali, saa ile ile, hata kama ni usiku. Maombi yanaweza kupanda bajaji pamoja na mgonjwa.

Tulipotoka wodini nilifikiri kazi imekwisha, kumbe ndiyo ilikuwa inaanza. Daktari alitupeleka kwa kijana mmoja wa mazoezi ya viungo, na kijana yule, ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, ndiye aliyenifungulia kifungu hiki cha Marko ingawa hakutaja Biblia hata mara moja.

Alisema hivi. Ile sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki. Lakini zile zilizo hai jirani yake zinaweza kujifunza kazi ya marehemu, kama vile jirani anavyochukua watoto wa nyumba iliyofiwa. Zinajifunza kwa njia moja tu, nayo ni kurudia. Si mara kumi, bali mara mia, kila siku. Na wakati ambapo ubongo hujifunza upesi zaidi ni wiki na miezi ya mwanzo, hasa mitatu ile ya kwanza. Baadaye waendelea, lakini polepole. Nilipiga hesabu ya siku nane zangu hapo hapo, mbele yake, na nilishukuru kwamba hakuniuliza ninawaza nini.

Akatufundisha. Asivutwe kamwe kwa ule mkono uliolegea, maana bega hutoka mahali pake na maumivu yake hayaishi. Akilala ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili asipate vidonda vingine. Asilishwe amelala, hata kijiko kimoja cha uji. Akalishwe ameketi wima, kidogo kidogo, na kabla ya kijiko cha pili tuhakikishe amemeza cha kwanza, kwa kuwa koo nalo limepooza upande mmoja, na chakula kikiingia mapafuni kitamwua kabla ya kiharusi. Mambo haya hatukuwa tumeyajua. Kwa siku nane tulimnywesha maji amelala chali, huku tukimwombea.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa, kama nyumba nyingi za huku. Mtu wa mguu mmoja hawezi. Fundi mmoja wa Keko alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati na mikono miwili ya kushikia. Nawaambia kwa kuwa najua nyumba ambazo mzee amevalishwa nepi kwa sababu tu hakuna kiti cha namna hiyo, naye alikuwa mwenye akili zake zote na aibu zake zote.

Mazoezi yenyewe hayakuwa na ajabu. Kuketi ukingoni mwa kitanda bila kuanguka. Kusimama na kukaa. Kuhamisha vibanio vya nguo kutoka beseni hili kwenda lile. Kukunja khanga. Kuchambua mchele kwenye ungo, mkono mzima ukiushika mkono mgonjwa. Nilichora mstari wa mkaa ukutani kwa kila siku aliyosimama. Lengo letu lilikuwa mwembe ulio mbele ya nyumba, hatua kumi na nne kutoka mlangoni, na wenye kuijua Mbagala wanajua mchanga wake. Hata kiti cha magurudumu huzama. Alifika kwenye mwembe mwezi wa tatu. Akaushika. Mjukuu wetu akapiga makofi, na yeye akamtazama kwa ukali kama anayesema, unashangilia nini, si nimeupanda mimi?

Kosa langu kubwa halikuwa katika mguu. Lilikuwa katika usemi.

Kusema kulirudi vibaya. Alikuwa anaelewa kila kitu, bali maneno hayakuja, au yalikuja mengine. Akitaka Biblia atasema sufuria. Akijua amekosea atapiga paja kwa hasira. Wataalamu wa kufundisha usemi ni wachache sana katika nchi yetu, kwa hiyo kazi hii iliniangukia mimi, na mimi nikajivuna: nani angefaa kuliko mwalimu wa darasa la kwanza? Basi kila alipofungua mdomo, nilimmalizia. Akianza “ma…”, nasema, “Maji? Haya, letee Mama maji.” Wageni wakimwuliza hali yake, najibu mimi. Nilijibu miezi miwili. Nikajiona mume mwema.

Siku moja kijana wa mazoezi alikuwa nyumbani kwetu, akatusikiliza. Alipotaka kuondoka akanivuta pembeni akasema kwa adabu sana, “Samahani, Mwalimu. Darasani ulikuwa unawajibia watoto?”

Nilikaa kimya. Maana hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa chuoni: uliza swali, kisha ngoja. Hesabu moyoni mpaka kumi. Mtoto anatafuta neno, na ukimpa wewe hatalitafuta tena. Nililijua jambo hilo miaka karibu arobaini, na nyumbani kwangu nikalisahau, kwa sababu ya haraka na, nikiri, kwa sababu ya aibu. Sikuweza kuvumilia kumwona akihangaika mbele ya watu.

Sasa someni tena Marko. Yesu baada ya kumgusa yule mtu mara ya kwanza alimwuliza swali. Yeye aliyejua mioyo ya watu hakuwa na haja ya kuuliza. Aliuliza, akangoja. Na yule mtu alitoa jibu la nusu, jibu la miti itembeayo, na Bwana hakumkemea kwa kukosa imani wala hakuona haya kwa kazi iliyofika nusu. Wala yule mtu hakudanganya ili ampendeze mponyaji. Ni wagonjwa wetu wangapi tumewafundisha kudanganya? Tunaingia nyumbani kwa mtu, tunauliza, “Umepona?”, naye ataitika kwa sababu tunalitaka jibu hilo ili tuondoke.

Kuna mtu mwingine katika Injili ambaye nimekuwa rafiki yake. Ni kuhani Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji. Alitoka hekaluni hawezi kusema, na alikaa hivyo muda wote wa mimba ya Elisabeti. Mtoto alipozaliwa, jamaa walitaka kujua ataitwa nani, na Luka asema katika mlango wa kwanza kwamba walimwuliza baba kwa ishara. Wafafanuzi wengine husema huenda alikuwa kiziwi pia. Huenda. Lakini mimi nimewaona waumini wa parishi hii wakiongea na Mama watoto kwa kupaza sauti na kupunga mikono, na masikio yake hayana neno. Namwona Zakaria ameketi katikati ya jamaa zake, anasikia yote, amechoka na mikono yao. Akaomba kibao cha kuandikia. Hicho kibao, ndugu zangu, ndicho kilichokosekana katika nyumba zetu nyingi. Sisi tulitumia slate ya mjukuu, na kwa kuwa mkono wa kulia haukufaa, alianza kujifunza irabu kwa mkono wa kushoto, kama mtoto wa miaka sita.

Jambo moja lilitushangaza sote. Kabla hajaweza kuomba maji, aliweza kuimba. Jumapili moja jioni tulikuwa tunaimba wimbo mmoja wa zamani wa kanisani, naye akauingia beti la pili na kwenda nao mpaka mwisho, maneno yote mahali pake. Tukadhani ni mwujiza, tukaanza kulia. Kijana wa mazoezi alitueleza kwamba hutokea kwa wengi, kwa kuwa uimbaji hutumia zaidi upande wa kulia wa ubongo, ambao kwake ni mzima. Nilifikiri nitasikitika kusikia hivyo. Sikusikitika. Mungu alipotuumba aliweka akiba upande wa pili. Tangu hapo tuliimba kila jioni, na kwa njia ya wimbo tuliyapata maneno mengi, moja moja.

Lakini msidhani zilikuwa siku za nyimbo tu. Mwezi wa nne alikataa kula. Alikataa mazoezi, akageukia ukutani. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye nia njema, alimwambia akiwa na imani atafurahi. Baadaye daktari alitwambia kwamba karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi huingiwa na huzuni nzito, na kwamba ni sehemu ya ugonjwa, tena ina dawa. Alipewa. Wiki chache baadaye aligeuka kutoka ukutani. Eliya naye alilala chini ya mti akaomba afe, na malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Mara mbili hapo pia.

Nataka sasa kusema na parishi yote, nami najiweka mbele.

Wiki ile ya kwanza baada ya kutoka hospitali nyumba yetu ilijaa. Viti havikutosha. Mliomba, mliimba, mlileta sukari, mchele na sabuni, na Mungu awalipe. Mwezi wa pili walikuja wachache. Mwezi wa tatu, ule alipofika kwenye mwembe, alikuwako mjukuu, binti yangu na mimi. Siwalaumu, maana zamani kidogo mwalimu mwenzangu, rafiki yangu tuliyeshiriki naye nyumba tulipoanza kazi, alipatwa na kiharusi akiwa Tandika. Nilikwenda kumtazama mara moja. Niliomba kwa sauti kubwa. Aliishi miaka miwili baada ya hapo chumbani mwake, na kutoka kwangu mpaka kwake ilikuwa nauli ya daladala moja. Alipofariki nilitoa rambirambi nzuri na kusimama kusema maneno juu ya urafiki wetu. Mkewe alinishukuru. Afadhali angenitukana.

Tunajua kumgusa mgonjwa mara ya kwanza. Tunajua pia kumzika. Katikati ya mambo hayo mawili kuna miezi na miaka, na katika miaka hiyo mzigo hubebwa na mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni binti. Binti yangu alifunga genge lake miezi saba. Kugeuza kila baada ya saa mbili maana yake ni kwamba mtu fulani halali. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, katika Marko mlango wa pili, alibebwa na watu wanne. Si mmoja. Fundi yeyote wa kujenga atakuambia kwa nini: mmoja akibeba peke yake watafika wagonjwa wawili.

Serikali nayo imeweka mkono wake. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanapaswa kutibiwa bila malipo, na wenye haki hiyo waifuate kwenye ofisi ya mtaa wao bila kuona haya. Hospitali za Temeke, Amana na Mwananyamala zina watu wa mazoezi, na Muhimbili pia. Lakini hakuna msamaha wa nauli ya bajaji kwa mtu asiyeweza kupanda daladala, kwenda na kurudi, mara mbili kwa wiki. Nawajua wagonjwa walioacha mazoezi mwezi wa pili, wakati ule ubongo unapojifunza upesi, kwa sababu ya nauli hiyo tu. Kama parishi yetu imeweza kununua vipaza sauti vipya, hilo nalo tunaliweza. (Nilisema haya katika kikao, wengine wakanuna. Nayarudia.)

Basi Padre amekubali, na Umoja wa Akina Mama wamekubali kusimamia. Kila mgonjwa wa kiharusi katika parishi atakuwa na watu wanne. Kila mmoja atakuwa na siku yake moja katika wiki, saa mbili tu, muda wa kutosha kwa binti wa nyumba kwenda sokoni au kulala. Kazi yenu si kuhubiri. Mtachambua mchele pamoja naye. Mtamsindikiza mpaka kwenye mwembe wake, au mpaka mlangoni, au mpaka ukingo wa kitanda, popote alipofikia, nanyi mtakaa upande ule uliolegea ili asiuogope. Mtauliza kama amemeza dawa ya presha, kwa kuwa kiharusi cha pili humjia yule aliyekwisha kupata cha kwanza. Mtamwuliza swali, kisha mtahesabu moyoni mpaka kumi. Wanaume nao wamo, sitaki kusikia kwamba uuguzi ni kazi ya wanawake. Mimi nimejifunza kusuka nywele.

Mtaniuliza kama amepona. Nitajibu kama yule wa Bethsaida. Anatembea kwa mkongojo mpaka kwa jirani wa tatu. Anasema sentensi fupi, na akichoka Biblia bado ni sufuria. Mkono wa kulia haukufunguka, na baada ya mwaka mmoja kijana wa mazoezi alituambia ukweli kwamba huenda usifunguke tena. Yakobo aliondoka Penieli na baraka, lakini alichechemea. Wako pia wenzetu waliofanya mazoezi yote na hawakuinuka, na wengine ambao Bwana amewachukua. Sina maelezo ya hayo, wala sitayatafuta mbele yenu.

Mkono ule ndio uliomzuia kurudi kanisani muda mrefu kuliko mguu. Sisi tuliolelewa na wazazi wa zamani tunajua: mkono wa kushoto hausalimii mtu, haupokei kitu kwa mkubwa, sembuse kupokea Mwili wa Bwana. Aliandika kwenye slate, kwa herufi za kupinda, kwamba hawezi kumnyoshea Mungu kushoto. Nilijaribu kumwelewesha, mwalimu na hoja zake, nikashindwa. Padre alipokuja na kusomewa maneno yale hakujibu kitu. Aliketi karibu naye akamnyoshea mkono wake mwenyewe wa kushoto, akangoja. Nadhani ilipita dakika nzima. Akaupokea.

Jumapili iliyofuata tulikwenda. Alipiga magoti nusu, kwa namna yake, mkongojo ukiwa ubavuni. Padre alipofika kwake alisema maneno yake na kumwekea mkate katika kiganja cha kushoto. Jibu lake halikutoka. Mstari wote ulikuwa unangoja nyuma yetu, watoto wanakohoa, nami midomo yangu ilikwisha kufunguka nimsaidie. Nikaifunga. Padre alisimama pale pale na kikombe nyuma yake kimesimama, wala hakutazama saa.

“Amina,” akasema, na wengine walikuwa wamekwisha kuketi.